Rukiyo Hataki Kuacha Fizikia

Banissa,
12 Januari 2025

Ndugu yangu Warsame,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya Eldoret iwe haijakumaliza masikio. Sisi hapa tuko salama, alhamdulillahi. Mama yetu, Hooyo, magoti yanamsumbua asubuhi lakini ulimi wake hauna ugonjwa. Jana amebishana na muuza maji mpaka yule bwana akamwachia mtungi wa bure ili apate kuondoka. Mume wangu Adow amerudi kutoka malishoni, ngamia mweupe amezaa. Binti yangu Idman ameng'oka meno ya mbele na sasa anacheka akiwa amefunika mdomo. Mvua hakuna.

Najua unashangaa kuona kalamu. Mnara wa simu hapa umezimika tangu mwezi uliopita, na hakuna ajuaye utawaka lini. Shurie, yule dereva wa lori la mbuzi, akishusha mifugo Nairobi hupanda huko kwenu kuchukua mahindi, kwa hivyo yeye ndiye posta yangu. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu tunakijua kwa mdomo tu. Tena Kiswahili nitatahiniwa Novemba, ukiona kosa nisahihishe.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu wetu wa fizikia na kemia alikwenda likizo kwao Busia na hakurudi. Simlaumu. Mama yake alisikia habari za barabara yetu akamwambia, ukirudi huko usinipigie simu tena. Juzi mwalimu mkuu, Mwalimu Mulki, ametuita ofisini sisi saba tunaosoma fizikia.

"Kemia ni ya lazima, mtapambana nayo hivyo hivyo," akasema. "Lakini fizikia acheni. Chukueni somo jingine kabla sijapeleka majina ya mtihani."

Wasichana wengine wakaanza kunong'onezana masomo ya kuchukua. Mimi nikamwambia, "Mwalimu, mimi siachi."

"Nani atakufundisha, Rukiyo?"

"Nina ndugu anasomea uinjinia."

Warsame, niliacha shule kidato cha pili wakati baba yetu, Aabo, alipofariki, mtu akatakiwa kufuata mbuzi na wewe ulikuwa mdogo. Nimerudi darasa lile lile nikiwa mke wa mtu, nikakaa dawati moja na Ramlo, ambaye nilimbeba mgongoni alipokuwa mchanga. Walionicheka wamechoka kucheka. Sikuja mpaka kidato cha nne ili niishie hapa.

Mwalimu Mulki amekubali kutupa jaribio mwisho wa Februari. Tukifaulu, tunabaki. Nimekuandikia maswali kumi na moja nyuma ya karatasi hii. Nijibu yote.

Dada yako,
Rukiyo

*

Eldoret,
3 Februari 2025

Abaayo Rukiyo,

Waalaykum salaam. Mimi niko sawa, namshukuru Mungu. Msalimie Hooyo sana, mwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji Adow, na Idman mwambie meno yatarudi.

Majibu nimeyaandika chini. Lile la balbu, jibu ni kwamba zikifungwa kwa mstari mmoja, moja baada ya nyingine, zitang'aa zaidi kuliko zikifungwa sambamba. Lile la kemia, gramu nne za sodiamu haidroksaidi kwenye lita moja, jibu ni sifuri nukta moja moli. Mengine utayaona.

Samahani kwa ufupi. Masomo ni mengi mno na Shurie anapiga honi hapa nje.

Nduguyo,
Warsame

*

Banissa,
22 Februari 2025

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwa Hooyo, ambaye nilimsomea barua yako mara tatu ingawa haikuwa na cha kusoma. Aliuliza, "Ni hayo tu?" Nikamwongezea maneno mawili matatu ya kwangu, kwamba umenenepa na unasali kwa wakati. Usiniangushe. Mzee jirani ameuza fahali wake kabla hajakonda zaidi. Kila mtu anatazama mawingu, na Ramadhani ndiyo hiyo imefika.

Warsame, jibu lako la balbu si kweli.

Nilipoisoma barua yako kwa wenzangu, Ramlo alisema, "Kama ameandika mtu wa chuo kikuu, basi ni hivyo." Mimi nikasema tuone. Tulikwenda dukani kwa Adow tukachukua balbu ndogo za tochi, waya wa redio iliyokufa na mawe mawili ya tochi. Tukazifunga kwa mstari kama ulivyosema. Zikawaka nyekundu, hafifu, kama jicho la mtu mwenye usingizi. Tukazifunga sambamba, kila moja na njia yake. Zikawaka nyeupe mpaka Ramlo akapiga kelele, na Adow akaja mbio akidhani tumepigwa na umeme.

Kosa lenyewe si kitu. Kinachonisumbua ni kwamba wewe ndiwe uliyenifundisha kuunganisha balbu, ukiwa darasa la saba, chini ya kitanda cha Hooyo. Hili unalijua. Basi uliandika ukiwa wapi, ukifikiria nini?

Na lile la moli ulinipa jibu bila njia. Mtihani unataka njia. Nilikaa nalo siku nzima mpaka nikaelewa kwamba moli moja ya kile kitu ni gramu arobaini, kwa hivyo nne ni sehemu yake ya kumi. Ungeniandikia mstari huo mmoja ningelala mapema.

Jaribio tumefanya jana. Watano tumepita, wawili wameangukia kando. Majina yetu yamekwenda. Sasa hakuna kurudi nyuma. Maswali mapya ni haya, na safari hii nataka njia yote.

Rukiyo

*

Eldoret,
25 Machi 2025

Kwa dada Rukiyo,

Assalaamu alaykum. Ramadhani njema kwenu nyote, na Idi iwakute na shibe. Mimi mzima.

Hongera kwa jaribio. Lakini abaayo, nikwambie kitu kama ndugu. Fizikia ya kidato cha nne bila mwalimu, bila maabara, ni kujitesa. Una mume, una mtoto, una Hooyo. Mtu akikuambia uache si adui yako. Sijui kama mimi ndiye wa kukusaidia. Siku hizi sina nafasi hata ya kukaa. Mwombe Mwalimu Mulki akutafutie mtu mwingine.

Maswali yako matatu ya kwanza nimeyajibu na njia. Mengine sikufika.

Warsame

*

Banissa,
14 Aprili 2025

Ndugu yangu Warsame,

Idi ilitukuta salama na mvua ya kwanza imenyesha, alhamdulillahi. Mitaro yote imejaa. Mbuzi wanaruka kama wendawazimu. Hooyo anakuombea kila swala kwa jina lako kamili, pamoja na jina la baba na babu, ili malaika wasikosee mtu.

Barua yako ya mwisho sikumsomea. Nilimwambia Hooyo kwamba Shurie hakuleta kitu.

Shurie alileta kitu. Alikaa kwenye mkeka wetu, akanywa chai, akasubiri Hooyo aingie ndani, kisha akaniambia, "Rukiyo, ndugu yako hayuko kwenye bweni la chuo. Walinielekeza nyuma ya soko, karibu na lango la chuo. Nilimkuta anashusha saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alinisihi nisiseme."

Nikamuuliza, "Kwa nini basi unasema?"

Akasema, "Kwa sababu alikuwa amejaa vumbi mpaka kope, na hakucheka hata mara moja."

Sikuulizi uniambie. Nitasema mimi na wewe utanyamaza. Ulianguka mtihani. Kama ungefukuzwa ungekuwa umerudi nyumbani au umetoroka mbali zaidi. Kwa kuwa uko karibu na lango la chuo unabeba mifuko, nadhani wamekuambia urudie. Ulijibu lile swali la balbu ukiwa umechoka mgongo, tena umekasirikia fizikia yote, na mimi nilikuwa nakuandikia maswali ya fizikia.

Sasa nisikilize. Mwaka unaorudia unaanza lini? Septemba? Kuanzia sasa mpaka Septemba saruji haitakufundisha kitu. Njoo Banissa. Maabara ya shule ipo, imefungwa, buibui ndio wanafunzi wake. Mwalimu Mulki nimeshazungumza naye, nimemwambia una likizo ndefu. Alisema, "Aje hata kesho, chakula cha mchana nitampa mimi."

Sikuiti kwa huruma. Tuko watano, mitihani ni Novemba, na hatujawahi kushika hata bureti, ule mrija wa kupimia matone. Nakuhitaji. Shurie anapita kwenu mwanzoni mwa Mei. Nafasi ya mbele ya lori ni yako, nimemwambia.

Dada yako anayekungoja,
Rukiyo

*

Eldoret,
30 Aprili 2025

Abaayo,

Shurie hajui kufunga mdomo. Mwambie nimesema hivyo. Mwambie pia asante.

Ni kweli. Nilianguka masomo mawili, moja ni fizikia ya joto. Huko Banissa nilikuwa wa kwanza kila muhula, wazee wakinipa mkono njiani. Hapa nilikaa darasani na vijana waliotoka shule zenye maabara mbili mbili. Mhadhiri anasema "kama mnavyokumbuka," wote wanatikisa kichwa, mimi sikumbuki kwa sababu sijawahi kuona. Niliona aibu kuuliza. Nikaanza kukaa nyuma. Kisha nikaanza kutokwenda. Matokeo yalipobandikwa ukutani nilisoma jina langu, nikaenda moja kwa moja sokoni kutafuta kazi, kwa sababu sikuweza kukaa chumbani.

Uliposema siachi mbele ya mwalimu mkuu, nilikasirika. Sikukukasirikia wewe. Nilifikiri, huyu aliacha shule ili mimi nisome, na mimi nimefanya nini?

Nakuja. Lakini Hooyo asijue. Kwake niko likizo. Nikianza kufundisha halafu nikakwama mbele ya wasichana wako, nitasema nimekwama. Huo ndio mkataba wetu.

Nimenunua siki na kabichi la zambarau. Usiulize ni la nini, utaona.

Warsame

*

Eldoret,
14 Septemba 2025

Abaayo Rukiyo,

Assalaamu alaykum. Nimefika salama. Shurie aliimba kutoka Moyale mpaka Isiolo na sasa nina maumivu ya kichwa yasiyo na dawa. Nimesajiliwa upya, nimepata kitanda bwenini. Msalimie Hooyo, Idman, na Adow. Mwambie Adow sindano zake za kudungia mifugo nilizisahau kwenye kabati la maabara, zote zilizobaki. Asikasirike, zilifanya kazi ya bureti kuliko bureti yenyewe.

Bado namwona Ramlo siku ile ya kwanza, anadondosha siki tone kwa tone kwenye maji ya magadi yaliyochanganywa na maji ya kabichi, na rangi inatoka kijani, inakuwa samawati, kisha ghafla waridi. Aliangusha sindano akasema, "Wallahi nimefanya mimi!" Nami nakumbuka siku uliponiuliza kwa nini mtungi uliofungwa gunia bichi unapoza maji, nikaanza kueleza, nikakwama katikati. Nikasema, "Nimekwama." Mkasubiri. Hakuna aliyecheka. Tukalitafuta pamoja kwenye kitabu mpaka tukalipata, kwamba maji yakitoka kuwa mvuke yanaondoka na joto. Ni somo lile lile lililoniangusha huku. Wiki hii mhadhiri alipolifikia niliinua mkono nikauliza swali. Mara ya kwanza tangu nije chuo hiki.

Lakini nina neno na wewe. Nilipokuwa napanda lori, Hooyo alinivuta mkono akaninong'oneza, "Mwombee dada yako, anajifungua kwenye mitihani." Nikamwambia, si mlisema mimba ni ya Desemba? Akanitazama kama mtoto mjinga. "Desemba ni ya kuwaambia watu."

Rukiyo, ulinificha mwezi wenyewe kwa miezi minne tukiwa maabara moja. Mwalimu Mulki anajua? Kwa nini usingoje mwaka ujao?

Nduguyo,
Warsame

*

Banissa,
5 Oktoba 2025

Ndugu yangu,

Waalaykum salaam. Tumefurahi umefika. Hooyo anasema hakukunong'oneza kitu, ulikuwa unaota. Idman amepata meno mapya, makubwa kama ya mtu mzima, na sasa hafungi mdomo. Mvua ya msimu huu imechelewa, Adow ameanza kupeleka wanyama mbali.

Kuhusu swali lako. Mwalimu Mulki hajui, na wewe hutamwambia. Angejua mapema angeniambia kwa upendo nipumzike, ningoje mwaka ujao. Mwaka ujao mtoto atakuwa ananyonya. Wa baada yake atakuwa anatambaa. Warsame, nimengoja tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na kila mara aliyeniambia ngoja alikuwa mtu anayenipenda. Adow anajua. Aliniambia, "Nitarudi kutoka malishoni kabla ya siku hiyo." Hilo linanitosha.

Nijibu maswali haya ya lenzi. Naona picha inageuka kichwa chini na sielewi kwa nini, na sitaki kukariri.

Rukiyo

*

Banissa,
23 Novemba 2025

Warsame wangu,

Assalaamu alaykum. Una mpwa wa kike. Tumemwita Filsan. Ana sauti ya Hooyo, Mungu atusaidie.

Nitakueleza kwa mpango kwa sababu najua hutatulia. Karatasi za fizikia nilimaliza zote salama. Lenzi ilitoka, na picha ilikuwa kichwa chini, nikaichora nikitabasamu. Kemia ya kuandika niliifanya nikiwa na maumivu ya mgongo, nikidhani ni kiti. Jioni ile haikuwa kiti. Adow alikuwa amerudi siku iliyotangulia, akanipeleka hospitali, na alfajiri Filsan akafika.

Mwalimu Mulki alikuja akiwa ameshika kiuno. "Rukiyo! Desemba?" akasema. Mimi nikacheka nikiwa nimelala. Kisha akakaa kitandani akawa mpole. Akasema karatasi nyingine zinaweza kuletwa hapa hapa, askari atakaa mlangoni. "Lakini kemia ya vitendo haiwezekani kitandani. Vyombo viko maabara. Hiyo tuiache, utapoteza alama kidogo tu."

Nikamuuliza, "Maabara iko umbali gani kutoka hapa?"

Akasema, "Rukiyo, tafadhali."

Muuguzi alinipima akasema naweza kusimama kama sitabeba kitu. Nikaenda. Adow alimbeba Filsan, tena kwa mikono miwili kama anabeba mayai, na askari wa kike aliyelinda mtihani akamletea kiti nje ya dirisha, kwenye kivuli cha ukuta. Ndani nilishika bureti ya kioo, ya kweli. Nikaegemea meza. Tone, tone, tone. Nilimsikia Filsan akianza kulia, na maziwa yakalowesha nguo yangu yote ya mbele. Nilijua nikigeuka dirishani mara moja sitarudi kwenye meza ile. Sikugeuka. Rangi ikabadilika, nikasoma kipimo, nikarudia, vipimo vikakubaliana. Nikaandika mstari wa mwisho, nikampa msimamizi karatasi, ndipo nikatoka. Nikamchukua mwanangu nikakaa chini hapo hapo mchangani. Hapo ndipo nililia.

Mwalimu Mulki alinifunika shuka yake. Akaniuliza nikipita nataka kusomea nini. Nikamwambia ualimu, wa fizikia na kemia. Akasema, "Hapa walimu wanahama kila mwaka." Nikamwambia mimi siwezi kukimbilia kwa mama yangu kama yule wa Busia, mama yangu yuko hapa.

Matokeo yakitoka, huku hakuna mtandao bado. Namba yangu ya mtihani na ya Ramlo nimeziandika pembeni. Tutazamie.

Dada yako na mama Filsan,
Rukiyo

*

Eldoret,
11 Januari 2026

Abaayo,

Salamu nimeziweka mwisho, maana najua hutazisoma kwanza.

Kemia, B-. Fizikia, C+. Kiswahili, B, licha ya makosa yote niliyokusahihisha. Wastani wako ni C+. Umepita kuingia chuo kikuu, Rukiyo. Nilituma namba yako nikiwa kwenye foleni ya chakula. Ujumbe ulipoingia nilipiga kelele mpaka mpishi akaangusha mwiko. Nikautuma tena, nikidhani wamekosea mtu. Hawakukosea.

Ramlo amepata B ya fizikia. Amekushinda. Mwambie kwa sauti kubwa mbele ya shule nzima, anastahili.

Maombi ya vyuo yakifunguliwa nitakujazia huku kama mnara wenu utakuwa bado umelala. Nitaandika ualimu. Nimeuliza, na kuna akina mama wengi wanaosoma wakiwa na watoto.

Sasa yangu. Nilifanya mitihani ya muhula Desemba. Fizikia ya joto nimepita. Si kwa alama za kujivunia, lakini nimepita, na mhadhiri ananijua kwa jina kwa sababu ya maswali.

Nina ombi. Kila barua yangu umemsomea Hooyo ukiruka pale unapoona pabaya, na umeniongezea unene na swala nisizozisali. Hii msomee yote, bila kuruka. Mwambie mwanawe alianguka, akabeba saruji, akaja nyumbani akisema ni likizo, akarudia mwaka. Nimechoka kumsikia akiniombea kama mtu asiyeanguka.

Nawasalimu nyote. Msalimie Adow kwa heshima ya pekee, na mbusu Idman na Filsan.

Ukimsomea Hooyo, anza na habari zangu. Akimaliza kukasirika, abaki na pumzi ya kukupigia vigelegele.

Nduguyo,
Warsame